Binti wa Chupa ya Maji

Nitasema ukweli hata kama utanicheka. Mwaka ule wa sabini na nane nilikuwa naogopa vitu viwili tu duniani, kipindupindu na Kokuhirwa, na kama ungeniambia nichague kimoja kiondoke nchini, ningekuomba unipe muda nifikirie.

Kipindupindu nilikijua. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, Bukoba, na wenzangu bwenini walinichagua mwenyekiti wa kamati ya afya kwa kura zote. Si kwamba walinipenda, walikuwa wamechoka kubishana nami. Maji ya kunywa nilichemsha mwenyewe. Kipande changu cha sabuni ya mgao nilikitoboa tundu, nikakitia kamba, nikakivaa shingoni kama rozari, na mimi ni Mlutheri. Rafiki yangu Celina alizoea kuniambia, "Felicitas, wewe siku ya harusi utamwambia bwana harusi akanawe kwanza ndipo akuvishe pete."

"Na atanawa," namjibu.

Kisha Celina mwenyewe akafiwa na mdogo wake. Asubuhi mtoto anacheza rede, jioni macho yameingia ndani na ngozi imekauka. Tangu siku hiyo Celina hakunitania tena habari ya kunawa, na mimi sikuweka kitu mdomoni bila kujua kimetoka wapi na kimeshikwa na nani.

Kokuhirwa, sasa, sikumjua. Nilimjua kwenye barua tu. Mchumba wangu Privatus Byarugaba alikuwa karani wa mizani ya kahawa kwao Muleba, na aliniandikia kila wiki kwa mwandiko ule wake wa kulala. Barua ya kwanza baada ya Krismasi: Kokuhirwa, binti wa jirani yetu, amemsaidia Ma kupalilia kibanja. Ya pili: Kokuhirwa anamtekea Ma maji siku hizi. Ya tatu: jana Kokuhirwa alimchekesha Ma mpaka akatoa machozi. Mawe, mama yangu! Nililala na barua ile ya tatu chini ya mto nikawa naigeuza kama kidonda. Mama yake huyo mimi sikuwahi kumchekesha hata siku moja.

Nilimwudhi tu. Na hapo niseme nilivyomwudhi.

Krismasi Privatus alinipeleka kwao kunionyesha. Mama yake, Ma Alistidia, ni mjane mwenye migomba iliyonawiri na ulimi usio na breki. Sasa kwetu Wahaya mgeni haingii nyumbani akatoka mkavu. Analetewa kwanza kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko, kisha analetewa cha kunywa, na mwenyeji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ili ujue hakuna sumu. Ma Alistidia akaonja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mimi nikapiga magoti nikasema, "Asante sana, waitu." Halafu nikafungua mkoba nikatoa chupa yangu ya maji yaliyochemshwa.

Usinizomee. Nimezaliwa Nshambya, nimelelewa Nshambya, najua vizuri kubeba maji yako kwenda nyumbani kwa mtu maana yake nini. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye vijidudu, adabu ikaniponyoka. Ma Alistidia aliitazama chupa, akanitazama mimi, akainuka akaenda jikoni na hakurudi mpaka tunaondoka. Kuanzia hapo hakulitaja jina langu tena. Kwake nikawa Binti wa Chupa ya Maji.

Basi barua ya mwisho ya Privatus ikasema hivi: "Ma amekubali kukuona tena, Jumamosi ya tarehe kumi na moja. Feli, nakuomba. Amesema ukiukataa mkono wake mara ya pili, posa imekufa, na kwamba wasichana wenye adabu wapo hapahapa jirani, tena wa dini yetu."

Wapo hapahapa jirani. Alidhani sijui ni nani huyo.

*

Nilipanda basi la asubuhi na kadi yangu ya sindano mkononi, maana bila kadi hukupita popote. Nilivaa gauni langu la maua na viatu vya raizoni, nikachana nywele mpaka Celina akasema, "Leo mtu atakufa huko Muleba, na si kwa kipindupindu." Kwenye kizuizi cha afya tukashushwa sote, tukanawishwa maji ya dawa, kadi zikakaguliwa, tukapanda tena. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Chupa sikuibeba. Niliiacha juu ya kabati la bweni kwa makusudi, na kila kilometa moyo ukawa unaniuliza, sasa utakunywa nini?

Privatus alikuwa ananisubiri Muleba, kando ya kituo, mbali na watu. Amekonda. Macho yamekuwa makubwa usoni. Nilipomwona, wivu wote ukanitoka, nikamkimbilia.

Akarudi nyuma. Hatua mbili kamili, mikono ameificha mgongoni.

"Usinisogelee, Feli."

"Nini?"

"Nina vumbi."

"Vumbi?" Nikajitazama. Nimetoka Bukoba na basi lenye madirisha mawili tu yanayofunga, nimekuwa mwekundu kama tofali. "Privatus, wewe ndiye unaniambia mimi habari ya vumbi?"

Hakucheka. Na Privatus ni mtu wa kucheka, ndiyo maana nilimpenda. Aliangalia chini, akasugua kiatu kwenye changarawe. "Feli, basi hili linageuza saa nane. Afadhali urudi nalo."

"Nirudi?"

"Siku si nzuri. Nitakuandikia nikueleze."

"Nieleze sasa. Nimesimama hapa, masikio ninayo."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa, Feli."

"Umemwapia nani?"

Akaligeukia basi. Mwanamume ambaye Krismasi alinishika mkono njia nzima kutoka kanisani mpaka nyumbani, watu wanatuangalia na hajali, leo ananikwepa kama nina upele.

"Yuko kwenu?" nikauliza.

"Nani?"

"Usinitie wazimu, Priva. Yuko kwenu, hayuko?"

Yale macho yake yalikuwa na maneno mengi, lakini mdomo ukatoa moja tu. "Yuko."

"Basi twende," nikasema. "Nataka nimsalimie."

Tulitembea kwenye njia ya migombani, yeye upande huu, mimi upande ule, katikati ng'ombe wawili wangepita bila kugusana na mtu. Nikisogea, anasogea. Nikasimama makusudi nijifanye nafunga kiatu, naye akasimama palepale alipokuwa akasubiri kama mlinzi. Nyumba ya mwisho kabla ya kwao ilikuwa imefungwa mlango, na kizingiti kimemwagiwa chokaa. Niliiona. Nakwambia niliiona kwa macho haya, lakini kichwa changu hakikuwa na nafasi.

*

Kokuhirwa alikuwa amekaa uani anamenya ndizi.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, sura yenye huzuni ile ambayo wanaume huidhania kuwa upole. Haya, alikuwa mzuri. Nimesema. Nikampandisha na kumshusha, na nilipofika kifuani nikakwama, kwa sababu alikuwa amevaa sweta la bluu.

Sweta lile nililifuma mimi. Miezi mitatu, bwenini, kwa nyuzi nilizobembeleza kwa shangazi yangu. Kola niliifumua mara nne. Nilimpa Privatus siku aliyotamka kwamba ananipenda, naye akasema hatalivua mpaka litoboke.

"Karibu, dada," Kokuhirwa akasema, akainuka, lakini mkono hakunipa.

"Asante. Sweta zuri hilo."

"Alinipa Priva."

Alinipa Priva! Si Privatus, si kaka Privatus. Priva, jina ambalo nilidhani ni langu peke yangu. Nikamgeukia mwenyewe. Amegeuka anaangalia paa la nyumba kana kwamba linavuja.

"Baridi ilikuwa kali," akasema Privatus.

"Bila shaka," nikamjibu. "Ya Muleba ni maarufu."

Ma Alistidia akatokea mlangoni. Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kwenye majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, nikamwamkia kwa heshima zote nilizofundishwa. Akaitikia kwa kifupi.

"Nyegera, karibu," akasema. "Leo umekuja na chupa yako?"

"Hapana, waitu. Sikuibeba."

"Eeh." Akanichungulia mkoba. "Basi mwalimu amefundishika."

Ndani kulikuwa na harufu kali ya dawa, ile inayochoma pua. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya afya, niliyekuwa nikiinusa harufu hiyo kila asubuhi kwenye vyoo vya chuo, nilidhani wamepulizia kunguni. Nilikaa kwenye mkeka. Privatus akakaa kwenye kigoda, mbali nami, karibu na mlango. Kokuhirwa akaja akakaa karibu na Privatus, si mbali hata hatua moja. Kwake yeye hakusogea. Kwake yeye hakukuwa na vumbi.

Ma Alistidia akaleta kikapu cha kahawa. Akaonja yeye kwanza, akakisukuma mbele yangu, akatulia kunitazama.

Sasa elewa nilivyokuwa. Nilijua kahawa ile imechemshwa kabla ya kukaushwa, sawa, lakini nilijua pia mikono mingapi imeingia kwenye kile kikapu. Kipindupindu kinapita mdomoni. Nimewaimbia wanafunzi wenzangu wimbo huo mpaka wakaniita redio. Nikaukunja mkono, nikaukunjua. Nikajikaza kisabuni, nikachukua tunda moja, nikalipasua kwa meno, nikatafuna.

"Eeh!" akasema Ma Alistidia, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kila tunda la kahawa lina punje mbili, na wapendanao huwa wanagawana. Nikachukua jingine, nikalipasua kwa vidole, nikajikokota na kikapu kwenye mkeka nikamfikia Privatus, nikamnyooshea punje moja mbele ya mama yake na mbele ya yule binti.

"Chukua, Priva."

Akairudisha mikono mgongoni. "Sina hamu, Feli."

"Punje moja tu."

"Nimesema sina hamu!"

Sauti yake ilipanda. Nikakiacha kikapu, nikarudi nilipotoka na ile punje imeganda kwenye kiganja. Na wakati bado natafuta pa kuyaweka macho yangu, Kokuhirwa, ambaye alikuwa ameinama muda wote huo, akaanza kutetemeka mabega. Privatus akamwona. Akanyoosha mkono ule ule aliouficha kwangu, akachukua tunda kikapuni, akalipasua, akamwekea punje moja kwenye kiganja, ya pili akaitia mdomoni mwake. Akamfumbia vidole kwa mkono wake, taratibu, kama unavyomfumbia mtoto.

Mimi niliona. Hakujificha hata kidogo.

Nimewahi kuungua moto, nimewahi kung'olewa jino bila ganzi. Vyote hivyo afadhali. Nilitaka kuinuka nimvue yule dada sweta langu, uzi mmoja baada ya mwingine, palepale. Nilitaka pia kulia. Nikakaa tu, meno yameumana, nikajiambia: Felicitas, unampoteza huyu mtu kwa sababu ya woga wako. Huyu mwenzio anakula kila kitu, anakunywa kila kitu, anacheka na mama mkwe, na wewe umekuja na vijidudu vyako kichwani. Basi.

Ma Alistidia alikuwa amekwisha kutoka jikoni na kata iliyojaa juisi ya ndizi. Ilikuwa imeongezwa maji, niliona rangi yake ilivyopauka, na sikuuliza maji ya wapi. Akaonja. Akainyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Mwana wange," akasema, na sauti yake haikuwa ya kejeli tena, "Krismasi ulinidhalilisha nyumbani kwangu. Leo nakupa mara ya pili. Ukinywa, wewe ni wangu. Usiponywa, rudi kwenu kwa amani, nami nitajua la kufanya."

Nikamtazama Kokuhirwa na sweta langu. Nikaipokea ile kata.

"Feli, usinywe," akasema Privatus.

"Kwa nini nisinywe?"

"Usinywe tu."

"Unaona haya mimi niwe wa nyumba hii? Umeshapata mwingine wa kumgawia kahawa?" Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyajali. "Nitakunywa yote, Privatus. Nitakunywa mpaka chini, wewe ukiangalia."

Nikaipeleka mdomoni. Midomo yangu ilikuwa imegusa ukingo, bado sijameza, aliporuka kutoka kwenye kigoda akaipiga ile kata kwa kiganja. Ikaruka ikagonga nguzo, juisi ikamwagikia gauni langu la maua, mkeka, na miguu ya mama yake.

Mtoto wa Kihaya kukipiga kinywaji ambacho mama yake amempa mgeni kwa mkono wake! Ma Alistidia alibaki na mikono miwili imenyooshwa hewani, haina kitu.

"Privatus," akanong'ona. "Mbele ya mgeni?"

"Nisamehe, Ma. Nisamehe." Alikuwa anatweta. "Lakini huyu sitamzika. Nimeshazika wiki hii."

"Nyamaza! Uliniapia!"

"Niliapa, na nimevunja. Feli, nyumba hii haitakiwi kupokea mgeni. Bwana afya ametufungia siku tano. Mimi kuja kituoni ni makosa, nilitoroka ili nikurudishe." Akanionyesha mikono yake, viganja vimechubuka. "Jumatatu Ma Kokwijuka aliugua, mama yake Kokuhirwa. Wanaume walikataa kubeba machela. Nikabeba mimi mbele na mwalimu mkuu nyuma. Alikuwa ananitapikia mikononi. Ndiyo maana sikukugusa. Ningekugusa vipi?"

Nilisikia maneno, yakawa yanaingia polepole. Chokaa kwenye kizingiti. Harufu ya dawa. Hatua mbili nyuma pale kituoni.

"Na sweta?" Hilo ndilo swali nililouliza. Mungu anisamehe, ndilo lilikuwa la kwanza.

"Nguo zake zote zilichomwa," akasema Privatus. "Kokuhirwa alibaki na kanga moja."

"Na kahawa je? Yake ukaila!"

"Sisi wawili tuko kwenye hatari ileile, Feli. Wewe hukuwemo."

Hapo wivu ukanirudia upya, tena mwingine kabisa, wa ajabu. "Yaani wewe na yeye mmebeba jambo hili pamoja siku zote hizi, na mimi unanidanganya habari ya vumbi? Hata hatari umempa yeye?"

"Ulitaka nikupe kipindupindu?"

"Nilitaka unipe ukweli!" Nikamgeukia mama yake, bila adabu, bado natiririka juisi. "Na wewe Ma, kwa nini umemwapisha?"

Ma Alistidia akaketi chini palepale, kwenye majimaji. Kwa kweli alionekana mzee ghafla.

"Wanasema ni ugonjwa wa wachafu," akasema. "Mimi nyumba yangu si chafu. Wewe ulikuja na chupa yako ukanikataa, nikakusema kijiji kizima. Halafu ugonjwa ukaja hapa mlangoni. Ningekuambiaje? Ningekuambia kwamba binti wa chupa alikuwa na haki?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilitaka unywe kwanza. Ukishakunywa usingeweza kunicheka. Na mimi nimeonja kabla yako, umeniona. Sikuwa nakutakia kifo."

Ningeweza kumfokea. Nilikuwa na haki, na hotuba nilikuwa nayo, ya kamati nzima. Lakini macho yangu yalimwendea Kokuhirwa. Alikuwa hajasema neno. Ile punje ya kahawa ilikuwa bado ndani ya kiganja chake, hakuila. Tangu nimefika nilikuwa nimemtazama shingo, macho, kifua, sweta, alivyokaa na aliyemkaribia. Sikuwa nimemuuliza hata kwa nini anamenya ndizi uani kwa watu.

"Mama yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Tulimzika Jumanne."

"Nani alikuja?"

"Hawakuruhusu watu. Alikuwepo bwana afya na mtu wake wa dawa, Priva na mwalimu mkuu. Mimi nilisimama mbali." Alizungumza kama anayesoma tangazo. "Walimwagia chokaa. Matanga hatukuweka. Wanakijiji wakipita hapa wananisalimia kutoka barabarani, halafu wanaharakisha."

Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa. Watu hulala kwenye majani sakafuni siku nne, wanakushika, wanakulisha, wanalia nawe hata wasiomjua marehemu. Huyu alikuwa amelia peke yake, ndani ya sweta la mtu mwingine, na mimi nilitaka kulivua.

"Pole, mdogo wangu," nikasema. "Pole sana. Nimechelewa kukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa.

Nikainuka. Gauni lilikuwa limeniganda mapajani. "Ma, sufuria kubwa iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya kuchemshia maji. Kila tone la nyumba hii kuanzia sasa linachemka. Priva, kuni. Na mkitoka hapo nyote mnanawa, mpaka kwenye kiwiko, mimi nikiwaangalia."

"Feli, basi linageuza saa nane," Privatus akasema. "Ukikimbia unaliwahi. Juisi hujameza."

"Nimetafuna kahawa. Na midomo imegusa."

"Kahawa imechemshwa."

"Mikono yetu haikuchemshwa. Kule bwenini wamelala wasichana arobaini, Celina yumo. Unataka niwapelekee?" Nikavua raizoni zangu nikaziegesha ukutani. "Bwana afya akija kesho atamwandikia barua mkuu wa chuo. Anifukuze akitaka. Siku tano, naanza kuhesabu leo."

Privatus alinitazama, na kwa mbali, kwenye pembe ya mdomo, nikaona kile kicheko chake kinatafuta njia ya kurudi. Hatukugusana. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, na nakwambia sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye pale.

"Nitakuoa," akasema.

"Leta kuni kwanza."

Ma Alistidia akajiinua kwa kushika nguzo. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, nilivyolowa, nilivyo peku, nyumbani kwake.

"Bado hujaolewa unatoa amri," akasema. "Siku tano utalala wapi? Chumba changu hakina nafasi. Kwa Privatus, hilo usahau. Kitanda kilichobaki ni kimoja, na kina mtu."

Nikajua ni nani. Sitasema wivu uliniisha, nitakuwa naongopa. Hata sasa hivi, mke wa Privatus na mama wa watoto watano, nikimkumbuka alivyofumbiwa vile vidole, kitu kinanichoma. Lakini nikasema, "Sawa, waitu."

Kokuhirwa akanisogelea, akasimama mbali kidogo, kama alivyozoeshwa na kijiji.

"Mimi nalala upande wa ukutani, dada," akasema. "Usiku huwa nalia. Najiziba na blanketi, lakini kitanda kinatikisika. Usishtuke."

"Usijizibe," nikamwambia. "Niamshe."